Ngano na Keki Siku Moja

Rositsa alifariki Ijumaa, tarehe kumi na nne Machi, saa tano na dakika kumi asubuhi, katika wodi ya wazazi. Saa hiyo inajulikana na kila anayekaa kwenye benchi la mbele ya Jengo la Saba, mjini Lovech, kwa sababu baba yake aliiandikisha kwenye tangazo la msiba lenye ukingo mweusi, likabandikwa mlangoni, na mvua ya karibu mwaka mzima haikulibandua. Wanaokaa hapo ni walewale. Yupo Profesa, aliyeishia darasa la nane lakini husoma gazeti hadi jina la mchapishaji. Yupo Kapteni, aliyepakia mizigo kwenye matishari ya mto Danubi miaka thelathini na hakuwahi kushika usukani hata mara moja. Na yupo mzee Stamen, mchonga mawe mstaafu, baba wa marehemu, ambaye huketi ukingoni na utepe mweusi kifuani. Bibi Tsonka wa ghorofa ya chini huwapitishia kahawa dirishani. Na kila saa tatu asubuhi, isiponyesha, huteremka Yavor, mkwe wa mzee Stamen, na mapacha wake.

Kuteremka kwenyewe ni kazi. Jengo halina lifti na Yavor anakaa ghorofa ya nne. Kigari cha mapacha hukiacha chini ya ngazi, katikati ya mapipa ambamo watu huchachulia kabichi. Huteremsha mtoto mmoja, akamkabidhi bibi Tsonka dirishani, akapanda tena mbio kumfuata wa pili, ambaye wakati huo analia kama aliyetupwa. Leo akitangulia Neda, kesho hutangulia Boyan, ili asiwepo mmoja wa kuzoea kuachwa. Zamani Yavor alikuwa fundi wa mabasi. Sasa anajua kumnyonyesha mmoja chupa kwa mkono wa kulia huku akimbembeleza mwingine kwa goti. Anajua kilio cha jino na kilio cha uchovu. Anakula amesimama, na mara nyingi hutoka nyumbani amenyoa shavu moja.

Asubuhi hiyo ya Alhamisi, siku tisa kabla ya mwaka kutimia, Neda alitangulia, akasinzia kwenye kigari kilichotolewa mbele ya benchi. Yavor alipokuwa juu akimvalisha Boyan, Kapteni aliinama kuokota njuga iliyoanguka, akaona vitu viwili kwenye kikapu cha kigari. Kimoja kilikuwa bunda la matangazo mapya ya msiba, yenye picha ya Rositsa na maneno kwamba ngano ya kuchemsha, ile inayoliwa kumkumbuka marehemu, italiwa kanisani Jumamosi ya tarehe kumi na nne. Kingine kilikuwa mishumaa miwili midogo yenye umbo la namba moja.

Yavor aliporudi na Boyan begani, benchi zima lilikuwa likitazama kikapu.

– Kijana, alisema Kapteni. Hii mishumaa ni ya kanisani?

– Hapana, bwana Kapteni. Ni ya keki.

– Keki ya nani?

– Ya hawa. Wanatimiza mwaka.

Mzee Stamen hakugeuka. Aliitazama barabara, kisha akasema polepole, kama mtu anayechonga herufi:

– Siku ile.

– Siku ile, baba. Hawana nyingine.

– Mwaka mzima sijasikiliza muziki. Nyumbani kwangu kioo kimefunikwa hadi leo. Na wewe utapuliza mishumaa siku aliyokufa mwanangu?

– Ni mishumaa miwili tu, baba. Asubuhi tutakwenda kanisani, tutakula ngano, tutafika kaburini. Jioni...

– Jioni ukiwasha hiyo, mimi humo ndani sitii mguu. Si mwaka huu wala mwingine.

Yavor alimfunga Boyan mkanda wa kigari. Yeye mwenyewe alilelewa katika makao ya watoto, hana mama wala shangazi. Wa upande wa Rositsa aliyebaki ni huyu mmoja. Mzee huyu asipotia mguu, watoto hawatakuwa na mtu wa kuwaambia mama yao alikuwaje alipokuwa na miaka saba. Na wasipowashiwa mshumaa, watakua wakijua kwamba siku waliyokuja duniani ni siku ya kuvaa nyeusi na kunyamaza. Alikuwa amelifikiria jambo hilo wiki nyingi, akipooza maziwa, na kila mara maziwa yalipoa kabla ya jibu kupatikana.

Bibi Tsonka alitoa birika la kahawa dirishani.

– Mnywe kwanza. Mtu hagombani na tumbo tupu.

– Hakuna anayegombana, bibi, alisema Profesa. Hili ni suala la kalenda. Na dawa yake ipo. Kanisa zamani lilikuwa na kalenda yake, iko nyuma siku kumi na tatu. Basi marehemu apewe kalenda ya zamani, watoto wapewe mpya. Kila mtu na siku yake, serikali haisemi kitu.

– Kasisi je? aliuliza Kapteni.

– Kasisi ataelimishwa.

– Na wewe? Bibi Tsonka alimuuliza. Wewe ulimwelimisha kasisi lini, wakati kanisani unaingia Pasaka hadi Pasaka, tena unasimama karibu na mlango?

– Karibu na mlango ndipo hewa ilipo, bibi.

Kapteni alitikisa kichwa.

– Kalenda mbili zitawachanganya watoto. Nendeni ofisi ya vizazi, mwambieni karani mlikosea. Watoto walizaliwa tarehe kumi na tano. Nani atabisha? Wenyewe hawawezi kusema.

– Karani ana karatasi za hospitali, wewe, alisema bibi Tsonka.

– Basi wapelekwe mtoni. Sikilizeni. Ukipanda na Danubi ukavuka mpaka kuingia Serbia, saa inarudi nyuma. Nimevuka mara elfu. Unaondoka huku saa sita, unafika kule bado saa tano. Sasa tuwapandishe mashuani...

– Saa moja ndiyo inayorudi nyuma, Kapteni, alisema Profesa. Si siku nzima.

– Ukivuka mara ishirini na nne?

Kwa kawaida hapo wangecheka. Siku hiyo hakucheka mtu, na Kapteni mwenyewe alitazama ndani ya kikombe chake kana kwamba amedondosha kitu.

– Mimi nawaambieni ilivyokuwa kijijini kwetu, alisema bibi Tsonka. Pacha hugawana. Mmoja achukue msiba, mmoja achukue sikukuu. Mwaka unaofuata wanabadilishana.

– Hapana, bibi, alisema Yavor.

Alilisema kwa sauti ndogo, lakini wote walimgeukia, kwa kuwa Yavor si mtu wa kumkatalia bibi Tsonka, ambaye tangu Machi iliyopita amempikia supu na kumfulia nguo za watoto.

– Hapana, alirudia. Hawa sitawagawa. Hata kwa siku moja.

Neda alikuwa ameamka, anauvuta uzi mwekundu na mweupe wa kuombea afya mwezi wa Machi, aliofungwa mkononi. Boyan aliona, akauvuta wake. Yavor aliwafunga uzi huo tarehe mosi, mmoja mkono wa kushoto, mwingine wa kulia. Mwenyewe hakuvaa. Aliye na msiba havai.

– Baba, alisema. Mimi sisherehekei. Unaniona kila siku. Umeniona nikicheka?

– Nimekuona, alisema mzee Stamen. Juzi. Huyu alipokutapikia.

– Hiyo haikuwa sherehe, baba.

– Sijasema ni dhambi. Nimesema nimeona.

Mwanamke mmoja alitoka mlangoni na zulia limekunjwa begani. Alikuwa Zdravka, mpangaji mpya wa ghorofa ya pili, aliyehamia Jumatatu. Alilitandaza juu ya chuma cha kukung'utia, akashika fimbo, lakini hakupiga. Dirisha lake lilikuwa juu ya benchi na mazungumzo yote yalikuwa yamemfikia.

– Habari za asubuhi. Poleni na msiba, mzee. Poleni nyote. Nimesoma pale mlangoni.

– Tumeshapoa, binti, alisema mzee Stamen, kama inavyosemwa, ingawa hakuwa amepoa.

– Nilikuwa nataka kuuliza tu. Pale mmeandika saa tano na dakika kumi. Watoto walizaliwa saa ngapi?

Kapteni alimtazama Profesa. Bibi Tsonka aliegemea dirishani, akaanza kuhesabu kitu kwa vidole, akaacha. Wote walikuwa wamekwenda mazishini. Wote walikuwa wamekula ngano ya siku ya tisa, ya siku ya arobaini na ya miezi sita. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza hilo.

– Mzee Stamen? Profesa aliuliza.

Mzee alikuwa amegeuka sasa. Alikuwa akiwatazama watoto, kwanza mmoja, kisha mwingine.

– Sijui, alisema. Mimi ni babu yao na sijui.

Kisha akamtazama mkwe wake.

– Saa ngapi, Yavor?

– Neda saa tatu na dakika arobaini. Boyan dakika kumi na mbili baadaye.

– Saa tatu.

– Ndiyo, baba.

Midomo ya mzee ilikuwa ikihesabu.

– Kwa hiyo aliwaona.

– Aliwaona, baba. Alikuwa nao zaidi ya nusu saa. Neda walimlaza kifuani pake, Boyan kwenye mkono. Aliwanusa vichwani. Aliuliza kama vidole vyote vipo, nikahesabu kwa sauti, mkono kwa mkono, akaniambia nirudie, nimekwenda haraka. Halafu akamtazama Boyan, akasema, ana paji la uso la baba yangu, maskini mtoto.

Kapteni alitoa kikohozi kilichokaribia kicheko, akakimeza.

– Alisema hivyo? aliuliza mzee Stamen.

– Alicheka kabisa. Akaniambia, mpigie baba, mpigie sasa hivi. Nikatoka nje kwenye korido, nikakupigia. Hukupokea.

– Simu ilikuwa kwenye koti. Nilikuwa nakata jiwe la watu.

– Nikasubiri kidogo, nikapiga tena. Niliporudi mlangoni, madaktari walikuwa wanakimbia, hawakuniruhusu kuingia. Damu ilikuwa imeanza.

Zdravka aliishusha fimbo taratibu, akaiegemeza ukutani.

– Niliziona, alisema mzee Stamen. Mchana nilipotoa simu kwenye koti niliona umepiga mara tatu. Mwaka mzima nimedhani zote tatu zilikuwa za kunipa msiba. Nimedhani mwanangu alikuwa anakufa na mimi napiga nyundo.

– Ya tatu ndiyo ilikuwa ya msiba, baba. Mbili za kwanza zilikuwa za Rositsa.

– Mbona hukuniambia?

Yavor alimpangusa Neda mate kwa kiganja, kwa kuwa kitambaa alikuwa amekisahau juu.

– Nilipokuja kwako jioni ile hukutaka kusikia lolote. Baadaye nikaona nitakuumiza. Na baadaye tena, kila mtu aliniuliza alikufaje. Nikazoea kujibu hilo.

Juu, ghorofa ya tatu, mtu alikuwa akisaga kitu.

– Alitaka nini? mzee Stamen aliuliza. Kwenye simu. Alisema uniambie nini?

– Niseme watoto ni wazima, wote wawili. Na kwamba ukija usije mikono mitupu, ulete ule mvinyo wa pishini unaowaficha wageni.

Mzee Stamen aliinamisha kichwa. Mabega yake yalitikisika, na haikujulikana kama ni kilio au ni kitu kingine, maana uso aliufunika kwa kofia. Hakuna aliyemgusa. Yavor alisogeza kigari karibu na goti lake, akakifunga breki, akarudi nyuma hatua moja. Boyan alinyoosha mkono akashika suruali ya babu yake, na mzee akauacha mkono ule pale.

Alipovaa kofia tena, sauti yake ilikuwa imekauka.

– Upo bado ule mvinyo.

– Jumamosi mvinyo unaruhusiwa, alisema Profesa, hata Kwaresima. Hilo halihitaji kalenda.

– Mayai hayaruhusiwi, alisema bibi Tsonka. Keki nitaoka mimi, ya boga na jozi. Haitakuwa na yai wala siagi. Na wewe binti wa ghorofa ya pili, utakuja. Mwiko wa mbao unao?

– Ninao, bibi.

– Asubuhi ngano, mzee Stamen alisema, akimwambia Yavor peke yake. Kanisani mapema, kasisi hapendi kungojwa. Kaburini utamwaga wewe kidogo, nami nitamwaga kidogo. Chupa isiishe huko.

– Sawa, baba.

– Jioni nitapanda. Unipandishe hizo ngazi polepole, goti linanisumbua. Nitawabeba mimi mishumaa ikiwashwa. Wote wawili. Utanipanga mikono, sijui wanashikwaje kwa pamoja.

– Nitakupanga, baba. Mmoja anakaa hapa, mwingine hapa.

Kwenye birika ilibaki kahawa ya kikombe kimoja. Bibi Tsonka alimpa mzee Stamen. Aliinuka nayo, akavua kofia, na Profesa na Kapteni wakavua zao. Alimwaga tone moja kwenye udongo mbele ya benchi, akafanya ishara ya msalaba, na Yavor akafanya, kisha akaushika mkono wa Neda na wa Boyan akawafanyisha.

– Bwana, alisema mzee Stamen, mpumzishe mtumishi wako Rositsa, binti yangu, mke wa huyu, mama wa hawa. Msamehe alilokosa kwa kujua na kwa kutojua. Mweke mahali penye mwanga, pasipo maumivu wala kilio, pamoja na mama yake. Na kwa kuwa kwako hakuna saa iliyopita, Bwana, mwambie nimepata ujumbe wake. Mungu amsamehe, kumbukumbu yake idumu milele.

– Mungu amsamehe, walisema wote.