Malkia Aliyekatazwa Kufa

Ndugu waombolezaji, mimi ni kitinda mimba wa nyumba hii, nimetumwa na familia niwasomee maisha ya dada yetu, nami nitayasoma kama yeye alivyotaka hadithi zisomwe, bila kuruka panapouma.

Dada alizaliwa tarehe 9 Mei 1963, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mpishi wa shule, akaanza shule ya msingi mwaka 1970 na kumaliza sekondari mwaka 1980, ambako mwalimu wa hesabu alimpachika jina la Mama Mabawa, kwa sababu kila pembetatu aliyoichora iliota mabawa, na wengi wenu hapa hamjui jina lake jingine.

Mwaka 1981 alirithi cherehani ya baba, mimi nikashika pasi, na tarehe 12 Agosti 1984 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi umeme, wakajaliwa watoto wawili, mmoja muuguzi na mwingine mchomeleaji, waliojifunza kulala huku mama yao akibishana kwa sauti na majini ya hadithi alizokuwa akizitunga.

Juni 1998 gazeti moja la kila wiki lilianza kuchapa riwaya yake ya malkia ambaye kila uchawi anaoufanya humla mwaka mmoja wa maisha yake, na hakuna sura iliyotoka kabla ya kupita kwangu, maana alinisimulia nikipiga pasi, nikiendelea kunyoosha aliitupa, nikijisahau aliipeleka, na ndiyo sababu baadhi yenu mlirudishiwa mashati yenye alama ya pasi.

Mwaka 2006 miaka ya malkia iliisha, dada akanisimulia kifo chake, nikaunguza gauni la bibi harusi, sote wawili tukajua kwamba sura imekaa sawa, lakini mhariri, ambaye tunaye leo safu ya pili, katika suti nyeusi, aliirudisha akidai wasomaji watalikimbia gazeti, akataka malkia azinduke, mara kwa dawa ya mganga, mara awe na pacha, mara kumbe ilikuwa ndoto, na dada, aliyekuwa na watoto wa kusomesha, aliandika uozo huo kwa miaka kumi na saba, nami sikuunguza hata leso. Ulitia kinyaa, na aliyeona kinyaa kuliko wote ni yeye, hata akawa ananawa mikono kila alipomaliza sura.

Januari 2023 mapafu yalianza kumsumbua, tarehe 3 Oktoba akalazwa wodi namba saba, na tarehe 20 mhariri alifika na machungwa na kinasa sauti, akakisogeza hadi kwenye barakoa ya oksijeni akiomba sura moja tu, naye dada akaiinua barakoa kwa vidole viwili na kumwambia, "Huyu ameshakufa. Mwacheni alale."

Alifariki alfajiri ya tarehe 22, na jana, kabla jeneza halijafika, mhariri alinivuta nyuma ya turubai kuniuliza nani atasaini ili mtu mwingine aendeleze hadithi kwa jina la marehemu.

Basi familia imeamua jibu lisomwe hapa, nyote mkiwa mashahidi. Malkia, kama dada alivyonisimulia mwaka 2006, anautumia mwaka wake wa mwisho kuwasha jiko la mjane asiyemjua kuwa ni malkia, anakaa kuota moto, anaomba maji, na maji yanapoletwa ameshakata roho. Hana pacha, na haikuwa ndoto.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba saba, majirani mliotupikia, na mafundi wenzetu mliofunga maduka leo. Gauni alilovaa dada nimelinyoosha mimi asubuhi hii, nikimsimulia mwisho huo kwa sauti kama yeye alivyokuwa akinisimulia, na limeungua kidogo kwenye pindo.

Mama Mabawa, malkia wako tumemwacha alale. Nawe lala, dada, upumzike kwa amani.