Senzo Kuramochi, Jemadari wa Uwanda wa Gotemba

Ndugu, majirani na wapenzi wa sinema mliofika hapa Kyoto kumsindikiza, mpendwa wetu Senzo Kuramochi alizaliwa tarehe 9 Machi 1928 mjini Otsu, mtoto wa tatu wa mtengeneza tofu, ile jibini ya soya, akasoma hapo hapo hadi vita vilipomkatiza masomo, na mwaka 1947 akaingia studio ya sinema akiwa mmoja wa wale wanaobeba mikuki nyuma ya mastaa na kufa kabla hawajasema neno.

Miaka minane alikufa hivyo, mpaka mwongozaji Nezu, akitafuta sura mpya ya kucheza jemadari, alipomuuliza kama anajua kupanda farasi, naye, aliyewaogopa farasi kama moto, akajibu, "Tangu utotoni, mzee," kisha akakimbilia zizini kwa Itsuko, binti wa mtunza farasi wa studio, kumwomba amsitiri.

"Umeshawadanganya wakubwa, sasa unataka kumdanganya na farasi?" Itsuko alimuuliza. "Huyu hadanganyiki. Panda."

Alipanda, akaanguka, akapanda tena, kila alfajiri, hadi tarehe 12 Novemba 1955, uwandani Gotemba, chini ya Mlima Fuji, pale baruti ilipolipuka kabla ya wakati, farasi akashtuka na kutoka mkuku kuelekea jeshi la adui, na Senzo, badala ya kuvuta hatamu, akachomoa upanga na kunguruma, "Nifuateni," nao waigizaji mia tatu, wakidhani ndiyo amri, wakamfuata wakipiga mayowe, huku Nezu akimng'ang'ania mpiga picha bega, "Usizime, usithubutu kuzima." Filamu ilipoonyeshwa watu walisimama juu ya viti, na kesho yake, huko Otsu, mama yake aliishiwa tofu asubuhi na mapema, kwa wingi wa waliokuja kumwona mzazi wa jemadari.

Alimwoa Itsuko tarehe 3 Mei 1957, wakajaliwa watoto wawili, Tamaki na Yasuhiro, akacheza filamu zaidi ya themanini, na alipougua mapafu mwaka 2002 madaktari wakamkataza kazi, akawasikiliza kwa adabu zote, kisha akaenda kucheza filamu yake ya mwisho, mtungi wa oksijeni ukimngoja nyuma ya pazia. Alifariki tarehe 21 Oktoba 2003, Itsuko akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, majirani wa Uzumasa waliotupikia siku zote hizi, na wenzake wa studio. Hakutaka kilio, alisema mtu wa sinema huagwa kwa makofi, basi gari la jeneza litakapopiga honi ya kuondoka tunawaomba msimame, mpige bila haya, hata viganja viwake moto. Pumzika kwa amani, Baba Tamaki, watu wamejaa hadi barabarani.