Gauni Lenye Pindo la Bandi

Marehemu dada yangu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Sindano, alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, mtoto wa pili kati ya watano wa baba seremala na mama mkulima. Mama alikuwa akisema huyu alitembea kabla hajajua kukaa. Mimi niliyemfuata ni walewale, kwa hiyo mnivumilie nikisoma haraka.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1964 hadi 1970. Katika mtihani wa ushonaji alikifumua kitambaa chake mara mbili kwa sababu mshono haukumridhisha, muda ukaisha, akakabidhi kitambaa kitupu. Alipewa sifuri, yeye fundi kuliko wote darasani!

Januari 1973 alianza kazi katika kibanda karibu na stendi ya mabasi, akishona sare za shule na kanzu za kwaya. Alikaa hapo miaka arobaini na minane, kwa cherehani ileile. Jumapili moja, katikati ya wimbo, aliona pindo la mwimbaji mmoja limepinda. Ibada ilipoisha akakusanya kanzu zote ishirini na mbili, akaanza kuzifumua. Mchungaji akamwambia, "Mama, neema ya Mungu haipimwi kwa futi." Akajibu, "Amina, mchungaji," huku mkasi unaendelea. Hata kwa Mungu alikuwa hivyo. Akikosa sala ya asubuhi, alifunga siku mbili. Akigombana na jirani, alipiga deki kanisa zima. Kwamba wokovu ni zawadi alikubali, ila alitaka kwanza austahili.

Tarehe 8 Desemba 1979 alifunga ndoa na dereva wa lori, mtu mpole aliyetutangulia mwaka 2011. Walijaliwa watoto watatu. Shemeji alizoea kututania, "Huyu akifika mbinguni atauliza ufagio uko wapi."

Juni 2021 alipata kiharusi, mkono wa kulia ukafa ganzi. Jamani, tulipata taabu. Hakulilia maumivu, alililia kazi. "Sasa nitampelekea Mungu nini?" aliniuliza kila nilipoingia chumbani, na swali hilo ni langu pia. Mkwewe, mke wa mwanawe, alimwogesha kila asubuhi, na kila asubuhi dada alimwomba radhi. Siku moja mkwe akachoka kuombwa.

"Mama, mwanao alipokuwa mchanga ukimwogesha, yeye alikuwa anakufanyia nini?"

"Alikuwa ananikojolea."

"Na uliacha kumwogesha?"

Dada alicheka mpaka akapiga beseni teke, kisha akalia. Tangu siku hiyo hakuomba radhi tena, alisema asante. Sitawadanganya kwamba alitulia kabisa. Kuna siku alirudia swali lake, ila alijijibu mwenyewe: "Simpelekei kitu. Ananipokea tu."

Kabla hajaugua alikuwa amejishonea gauni jeupe la kuzikiwa. Lilibaki pindo, limeshikizwa kwa bandi, ule uzi wa muda wa hatua kubwakubwa. Mimi ni fundi kama yeye, nikalichukua nilimalizie. Akanikazia macho. "Liache. Nitakwenda hivyohivyo."

Alifariki Jumanne, tarehe 6 Februari 2024, saa nne asubuhi, akiwa ametoka kuogeshwa.

Ameacha watoto watatu, mkwe huyo aliyemuuguza, wajukuu saba, na mimi mdogo wake. Jana tulipomvalisha nilikwenda na sindano, uzi mweupe umeshatungwa. Iko mfukoni hadi sasa, na vidole vinaniwasha, maana ile bandi naijua ilipo. Lakini sikushona. Bwana aliyempokea na pindo lake hivyohivyo ampumzishe kwa amani, na mimi anifundishe kuiweka sindano chini.