Mita Moja na Sentimita Thelathini: Wasifu wa Mama Fimbo

Ndugu, jamaa, majirani, nanyi mliofanya kazi na marehemu msituni, anayewasomea ni mdogo wake wa mwisho, yule fundi cherehani. Karatasi hii marehemu aliisoma mwenyewe mwezi uliopita akiwa kitandani, kalamu nyekundu mkononi. Alisahihisha tarehe mbili, akafuta neno "shujaa", kisha akaniagiza: "Mwisho wa habari ya ile barua uache wazi mpaka muhuri upatikane. Usiwasomee watu kitu ambacho hakijahakikiwa." Alinijua mdogo wake. Nikiachiwa, naongeza chumvi.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa pili kati ya watano, katika nyumba za vibarua nyuma ya bustani ya miche ya shamba la miti. Baba yetu aliendesha trekta la kuvuta magogo. Mama yetu alijaza udongo kwenye viriba vya miche kwa miaka ishirini na saba, na siku anaacha kazi alikuwa bado anaandikwa kibarua. Marehemu hakulisahau jambo hilo. Alikuwa mfupi tangu mwanzo na akabaki hivyo. Mimi nilipomaliza darasa la saba nilikuwa nimeshampita, na nguo zilizonibana mimi mdogo mtu zikawa zinapanda kwenda kwa mkubwa. Alizivaa bila kununa.

Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1965 hadi 1971, na sekondari hadi 1975. Mwaka 1976 alijiunga na chuo cha misitu. Wasichana walikuwa wawili darasani, na mwenzake aliondoka muhula wa kwanza. Marehemu alihitimu Juni 1978 akiwa wa nne kati ya wanafunzi thelathini na mmoja.

Tarehe 3 Julai 1978 aliajiriwa shambani. Wavulana aliowashinda chuoni walipewa tepu na buti, yeye akapewa taipureta. Alipiga chapa karibu miaka sita. Februari 1984 wapimaji wawili wa miti waliugua kwa pamoja, naye akaingia kwa meneja na cheti chake, akakiweka mezani, akasimama mpaka akaruhusiwa. Sare ya mwanamke iliyokuwepo stoo ilikuwa sketi. Aliingia nayo vichakani asubuhi, jioni akarudi nayo imechanika kuanzia pindo hadi kiunoni, akaja moja kwa moja kwangu: "Mdogo wangu, nishonee suruali." Ilikuwa suruali yangu ya kwanza kushona. Mguu mmoja ulikuwa mfupi kuliko mwingine, na aliivaa miaka mitatu.

Wakati huo alikuwa ameshaolewa. Tarehe 12 Desemba 1981 alifunga ndoa na mnoa misumeno wa kiwanda cha mbao, shemeji yetu huyu mpole, ambaye kwa miezi minane alikuwa akifika ofisini kuomba apigiwe chapa barua zisizo na kichwa wala miguu. Walijaliwa watoto watatu. Marehemu alipolala kambini kwa kazi, shemeji ndiye aliyepika, na maneno ya majirani hayakukosekana. Yeye aliwajibu, "Mimi nanoa, yeye anapima. Nyie mnafanya nini?"

Sasa nije kwenye barua.

Mti hupimwa unene kwa kuzungushiwa tepu kwenye kimo cha kifua. Msituni kila mpimaji alitumia kifua chake mwenyewe, na hakuna aliyeuliza, maana wote walikuwa wanaume warefu. Marehemu alipoingia, naye akatumia cha kwake. Mti hunenepa kadiri unavyoshuka chini, kwa hiyo miti yake ilitoka minene kuliko ya wenzake. Mkuu wa wapimaji, ambaye kwa urefu wake sote tunamwita Twiga, aliona hesabu zinapishana. Tarehe 18 Agosti 1986 akamwandikia barua ya onyo: marehemu amezidisha vipimo kwa makusudi ili aonekane hodari.

Dada yangu alikuja kwangu usiku ule akalia mpaka kitambaa cha mteja kikalowa. Kuambiwa mfupi alikuwa amezoea. Kuambiwa mwongo kulimvunja.

Asubuhi alifungua kitabu chake cha chuo. Kimo cha kifua, kiliandika, ni mita moja na sentimita thelathini kutoka ardhini. Akakata fimbo ya urefu huo, akaenda nayo uwanjani, akaomba wapimaji wote wasimame mstari. Kwa Twiga fimbo iliishia kwenye chembe cha moyo. Kwa wengine ilipanda na kushuka. Akajiwekea mwenyewe, ikamfika karibu na kidevu. Akasema, "Na mimi nimekosea. Lakini sikudanganya." Kifua pekee kilicholingana na kitabu kilikuwa cha mpishi wa kambi, ambaye hakuwahi kupima hata mti mmoja.

Tangu mwezi uliofuata kila mpimaji alibeba fimbo, na marehemu akapata jina la Mama Fimbo. Barua haikuondolewa. Twiga alimwambia, "Fimbo tumeikubali, mama, ila kilichoingia kwenye faili hakitoki." Aliomba uongozi wa timu mwaka 1991, 1995 na 1999. Mara zote tatu faili lilifunguliwa, barua ikasomwa, naye akashukuriwa kwa kufika. Tarehe 2 Aprili 2001 timu ilikosa mtu kabisa, akaambiwa akaimu. Alikaimu miaka kumi na sita! Mimi niliona ni dhihaka na nikamwambia hivyo. Yeye alisema kukaimu kunatosha kuajiri.

Akaajiri. Alipostaafu tarehe 31 Machi 2017 timu ilikuwa na wanawake kumi na mmoja, wote wakiwa na ajira ya kudumu, buti za saizi zao na suruali kutoka stoo. Mimi nikapoteza wateja. Kila mgeni, mwanamume kwa mwanamke, siku ya kwanza alikata fimbo yake mwenyewe mbele ya marehemu, na ikizidi hata sentimita moja alirudia.

Novemba 2022 alianza kuishiwa pumzi. Daktari alimweleza kwamba moyo umetanuka. Akauliza, "Kwa sentimita ngapi?" Alitumia dawa kwa saa kamili, na kwa mwaka mzima aliendelea kumwagilia miche yake uani.

Tarehe 18 Mei 2024 Twiga alikuja kumwona, mzee sasa, akitembelea mkongojo. Aliomba maji, akasema, "Mama, nimekuja kwa ile barua."

"Umechelewa miaka thelathini na saba na miezi tisa kamili," dada akamjibu. "Karibu."

Mzee akaomba karatasi aandike nyingine. Ya kwanza marehemu aliirudisha. "Umeandika huenda ulikosea. Huenda haipimiki." Ya pili akairudisha pia, kwa sababu ilieleza jua kali la mwaka ule. Ya tatu ilikuwa na mistari minne. Aliisoma polepole, akaitazama tarehe, akamkabidhi mwanawe wa kwanza aipeleke ofisini. Kisha akaagiza mgeni apewe chai.

Alifariki nyumbani, Jumapili tarehe 9 Juni 2024, saa kumi na moja alfajiri, shemeji akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka sitini na saba.

Pale alipotaka paachwe wazi, najaza mimi. Jumanne tarehe 11 Juni mwanawe alirudi kutoka ofisini na nakala yenye muhuri. Barua ya onyo imefutwa na imetolewa kwenye faili. Kilichoingia kimetoka. Muhuri ulichelewa siku mbili, na siwezi kuwaambia kwamba ni sawa. Si sawa, inaniuma. Mistari yenyewe imechapwa nyuma ya karatasi mliyoshika, na aliyeiandika amekaa hapo safu ya pili. Ni yeye aliyeomba ichapwe.

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, sisi wadogo zake watatu, wapimaji wanawake kumi na mmoja waliombeba leo, na fimbo moja iliyolainika kwa kushikwa, ambayo kwa agizo lake inabaki kazini.

Dada, muhuri umepatikana. Nimeuhakiki mwenyewe, mara mbili. Upumzike kwa amani, wewe na jina lako.