Maji ya Kisima Kwenye Rejeta

Kwenye basi la kutoka Kyuso kwenda Mwingi, kijana aliyekaa mbele yangu alikumbatia bomba jipya la moshi wa gari, linang'aa kuliko viatu vyake. Mwanamke wa kando yake, aliyesema anaitwa Nasima na anauza spea Mwingi, akamuuliza ni la nini. "Nataka kagari kangu kangurume," akajibu. "Springi nimeshakata, kakae chini kidogo." Nilikuwa nimefungua Biblia, lakini sikugeuza ukurasa.

"Kakae chini, na barabara yenu ni mawe? Haya. Kwa rejeta unaweka maji gani ya kupoza injini?"

"Ya kisima chetu."

"Kisima cha chumvi? Hata ng'ombe huyanywa kwa kukosa mengine. Hiyo rejeta saa hii ni kutu tupu."

"Haijawahi kuchemka, mama."

"Imewahi kwenda wapi?"

Kijana akatazama nje kwanza. "Jumatatu nampeleka mamangu Kitui akasafishwe figo. Kupanda basi hawezi tena."

Nasima akacheka, si kwa furaha. "Haya, gari itachemka katikati ya njia na mgonjwa ndani, lakini itachemka ikinguruma. Rudisha hilo bomba, ununue rejeta."

"Gari ni yangu."

"Na mama ni wa nani?"

Basi likasimama Mwingi. Kijana akashuka na bomba lake begani, Nasima nyuma yake bado anaongea. Nikafunga Biblia, nikamwombea yule mgonjwa. Kwa kijana sikuona pa kuanzia.