Pak Sarwoko na Mtambo Usiotulia

Ijumaa ya tarehe 29 Juni 2012, king'ora cha zamu ya mchana kitakapolia, Pak Sarwoko atafunga karakana ya redio ya Kiwanda cha Sukari Kalirejo na kukabidhi funguo. Amekaa nasi miaka thelathini na mitatu. Mimi, Endah wa stoo, nimepewa kazi ya kumwandikia kwa sababu ndimi niliyemgawia waya miaka mingi, na najua alikokuwa akiupeleka.

Kazi yake sote tunaijua. Kabla yake, lori la miwa likikwama shambani, dereva alikuja kwa miguu kutuambia. Pak Sarwoko ndiye aliyeunganisha mizani, mashamba na malori kwa redio, na mitambo ya kwanza aliiunda kwa mkono: mikebe ya biskuti, waya uliozungushiwa penseli kuwa koili, mianzi ya kushikilia antena. Alipohamia UHF, masafa ya juu zaidi, koili ikawa kipande cha shaba kilichopindwa kama pini ya nywele. Alirekebisha kwa kijiti cha mwanzi, maana bisibisi ya chuma ikisogea tu, masafa yanaruka. Meneja mmoja alipokuja kukagua aliombwa arudi nyuma kidogo, kwani tumbo lake lilikuwa linaivuruga sauti. Alicheka, na akarudi nyuma.

Ufundi huo aliupata kwenye VHF, masafa ya mita mbili, ambako vijana wa mji wa Malang, hapa Jawa, wa enzi zake walipiga soga kila jioni kwa mitambo ya kujitengenezea. Mtambo wake ulikuwa na kilema: ukipata joto, masafa yanapanda taratibu. Anaanza salamu hapa, anaimalizia kule. Walimwita Bwana Matembezi, na wengi walichoka kumwandama. Hakuchoka msichana mmoja wa Lawang, Retna. Alimpokea pale alipozoea kuanzia, kisha akazungusha redio yake polepole kwenda juu, akimfuata hadi kwaheri.

Walikuwa hawajaonana bado baba yake Retna alipopata uhamisho wa Makassar, ng'ambo ya bahari, ambako mitambo yao isingefika. Wakaafikiana wanywe "kahawa ya nchi kavu", ndivyo watu wa redio wanavyoita kukutana ana kwa ana. Mahali wangepanga jioni inayofuata.

Basi bwana harusi mtarajiwa, kwa kutaka asikike vizuri siku hiyo, akang'oa koili na kuweka kristali ya mtumba kutoka Surabaya, kijiwe kinachoshikilia masafa pahali pamoja. Mtambo ukatulia tuli, ila chini kidogo ya pale alipozoea kuanzia. Retna alimtafuta juu. Chini hakuangalia, kwa kuwa mtu huyu hakuwahi kushuka, naye Retna hakuwa na tabia ya kuita kwanza. Jioni kadhaa zikapita hivyo. Huku Pak Sarwoko aliamini amekataliwa, na kule Lawang binti akafunga masanduku akiamini vivyo hivyo. Nikikumbuka alivyonisimulia, moyo bado unaniuma.

Kilichomwokoa ni utani. Rafiki aliyemkuta hewani kwa bahati alimwambia, "We Matembezi, umehamia bondeni bila kuaga?" Pak Sarwoko akashika kichwa, akaichomoa kristali na kurudisha koili yake mbovu. Hata salamu hakuimaliza.

"Mas, ulikuwa wapi?" ilisema sauti ya Retna, akimwita kaka kwa Kijava. "Nimekutafuta mpaka masafa ya redio yakaniishia."

Kahawa ilinywewa stesheni ya Lawang, na baba mtu akapanda meli akiwa amepungukiwa na binti mmoja.

Mwezi uliopita kamati ilitaka kumzawadia redio mpya ya dukani. Nilikwenda kumwuliza mkewe, Bu Retna, kwa siri. Akasema, "Dada Endah, msimnunulie. Hiyo haitembei, na mimi nimezoea kumfuata."

Kwa hiyo zawadi yetu ni bunda zima la waya wa shaba, na safari hii stoo haiulizi unakwenda wapi. Asante, Pak Sarwoko, kwa kutuwezesha kusikilizana miaka yote. Tunakuombea uzee wenye afya na jioni ndefu za mita mbili. Tembea utakavyo, anayekufuata anaijua njia.