Mwalimu Ewesit Ekaale na Historia ya Jirani

Mwalimu Ewesit Ekaale alizaliwa tarehe 14 Mei 1961 mtaani Chechelesi, Isiolo, akiwa kifungua mimba wa marehemu Mzee Ekaale, mfugaji, na marehemu Mama Akal, aliyeuza kuni sokoni.

Alisoma shule ya msingi hapa mjini, kisha sekondari huko Meru, alikofika muhula wa kwanza na viatu vya binamu yake vilivyombana. Mwaka 1986 alihitimu shahada ya ualimu, wa kwanza katika ukoo wao.

Tarehe 10 Desemba 1988 alifunga ndoa kanisani na Nakolong, naye mhitimu wa chuo kikuu. Siku ya mahari, mjomba wa bibi harusi alipotaja mwaka wa ukame mkubwa, Ewesit alimsahihisha mbele ya wazee. "Huyu amekuja kuoa ama kutusahihishia mtihani?" mjomba akauliza. Ilibidi mbuzi waongezwe. Mkewe alimkumbusha mbuzi hao maisha yote.

Alifundisha Historia na Serikali tangu 1987 hadi alipostaafu 2021. Kila mwanafunzi wake wa kidato cha pili alitumwa kwa mzee wa jamii isiyo yake, amsikilize, kisha aje alisimulie darasa: Mborana kwa Mturkana, Msomali kwa Mmeru. Aliyeleta habari za babu yake mwenyewe alirudishwa. "Hiyo unayo nyumbani bure," alikuwa akisema. "Nenda ulete ya jirani."

Mwaka 1999 mifugo iliibwa, jamii zikaogopana. Wazazi walifika shuleni, wakiongozwa na Mzee Etabo, Mturkana kama yeye.

"Ewesit, wewe ni mtu wetu kweli? Unatuma watoto wakakunywe chai kwa waliotuibia?"

"Mzee wangu, yule nyanya wa mtaa wa Wabera hajaiba ng'ombe wa mtu. Na mtoto amerudi ameshiba."

Aliombwa aache zoezi hilo. Alikataa, akavuliwa uongozi wa idara na kuhamishiwa shule nyingine. Baadaye mjini ilivuma kwamba alihamishwa kwa kuuza mtihani. Yeye hakujibu, alisema kazi ingemjibia. Familia yake leo inajibu: hakuuza mtihani, na hakuwahi kuitwa popote kujibu shtaka kama hilo. Alihamishwa kwa sababu ya chai ya jirani. Huko alikohamishiwa aliendelea kuwatuma wanafunzi.

Figo zilianza kumsumbua 2022. Hospitalini alihudumiwa na Saadia, muuguzi aliyekuwa mwanafunzi wake, ambaye wakati wake alitumwa kwa bibi mmoja Mturkana. Alimsalimia mwalimu kwa Kiturkana kila alipofika kusafishwa damu. "Mwalimu, nyamaza kidogo mashine ifanye kazi," alimwambia. "Wewe fanya," akajibu, "mimi nafundisha huyu wa kitanda cha pili." Alifariki tarehe 3 Februari 2025, mkewe akiwa kando yake.

Ameacha mjane wake Nakolong, watoto wake Emanikor, Akolong na Akal, wajukuu, ndugu zake, na watu wazima wengi mjini humu wanaojua majina ya mababu wa jirani zao.

Anazikwa hapa shambani kwake Burat mbele yenu nyote. Mwenye neno juu ya mtihani ule alitoe sasa, kabla ya udongo kurudishwa. Kama hakuna, basi lisisemwe tena.

Mungu ampokee mwalimu wetu, apumzike, na jina lake lipumzike pamoja naye.